Saratani ya koo kwa mzee: kuitambua mapema na kumtunza nyumbani

Mzee mwenye saratani ya koo mara nyingi hasemi kwamba koo linamuuma. Husema nyama ya siku hizi ngumu, meno bandia yamelegea, hana hamu ya chakula, baridi imemkausha sauti. Wakati huohuo anabadilisha anachokula bila kumwambia mtu. Kwanza anaacha nyama, kisha vyakula vikavu, kisha anakuwa mtu wa uji na mchuzi, na nyumba nzima inasema ni uzee. Ndiyo maana anayeweza kuugundua ugonjwa huu mapema ni yule anayekula naye kila siku.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "koo". Watu hulitumia kwa sehemu tatu tofauti. Ya kwanza ni koromeo, yaani nafasi iliyo nyuma ya mdomo pamoja na tonsili na shina la ulimi. Ya pili ni zoloto, kisanduku cha sauti. Ya tatu ni umio, njia ya chakula inayoshuka hadi tumboni. Saratani ya koo kwa daktari ni ile ya sehemu mbili za kwanza. Ya umio ni ugonjwa mwingine, hupimwa kwa kamera inayoshushwa hadi tumboni na matibabu yake hutofautiana. Mzee akisema chakula kinakwama, mwambie aonyeshe kwa kidole kinakwama wapi. Akigusa shingo, anza na daktari wa masikio, pua na koo. Akigusa kifua, mwambie daktari hivyo hivyo, ingawa kidole hukosea: kizuizi kilicho chini kwenye umio wakati mwingine husikika shingoni.

Hesabu wiki tatu

Koo la mafua hupona kwa siku 7 hadi 10, na sauti iliyokauka kwa mafua kwa kawaida hurudi ndani ya wiki 2. Dalili yoyote kati ya zifuatazo ikipita wiki 3 bila kupona, koo lichunguzwe kwa kamera, hata kama homa hakuna na mzee anasema hajambo:

- Sauti iliyokauka au yenye mikwaruzo, isiyorudi hata akipumzika.
- Maumivu ya koo upande mmoja tu, hasa anapomeza.
- Chakula kukwama, kwanza kigumu kisha hata kilaini.
- Sikio moja kuuma, huku daktari akilichungulia halioni tatizo.
- Uvimbe shingoni, mgumu, usiouma.
- Kupaliwa mara kwa mara na maji au chai.
- Kidonda, doa jeupe au jekundu mdomoni, au tonsili moja kubwa kuliko nyingine.

Dalili mbili hazisubiri wiki 3: damu kwenye mate au makohozi, na pumzi yenye mlio. Hizo ni za leo.

Sikio huwapotosha wengi. Mishipa ya fahamu inayohudumia koo hutuma matawi hadi sikioni, hivyo uvimbe ulio kwenye shina la ulimi au chini ya koromeo husikika kama maumivu ya sikio. Mzee hupewa dawa ya matone mara mbili, mara tatu, na miezi inakwenda. Sikio linalouma bila kuonekana na kasoro, kwa mtu aliyevuta sigara miaka mingi, ni swali kuhusu koo lake.

Sauti nayo ni bahati iliyojificha. Uvimbe ulioota juu ya nyuzi za sauti huiharibu sauti ukiwa bado mdogo sana, na ukikamatwa hapo mara nyingi hutibika kwa mionzi peke yake au upasuaji mdogo. Uvimbe wa ukubwa uleule ukiota sentimita chache juu au chini ya hapo hunyamaza hadi tezi za shingo zivimbe.

Tumbaku na pombe ndizo chanzo kikubwa, na zikikutana kwa mtu mmoja hatari haijumlishwi, inazidishwa. Aliyeacha kuvuta miaka mingi iliyopita hatari yake imepungua ila haijafutika. Kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, husababisha saratani ya tonsili na shina la ulimi hata kwa asiyevuta wala kunywa. Kwa hiyo jibu la "huyu hajawahi kugusa sigara" lisikufanye uache kuhesabu wiki.

Ukaguzi wa dakika kumi

Fanya mchana, penye mwanga, mzee akiwa amekaa wima.

1. Mwombe ahesabu 1 hadi 20 kwa sauti ya kawaida, umrekodi kwa simu. Rudia baada ya wiki moja, kisha sikiliza rekodi zote mbili mfululizo. Mkiishi nyumba moja, sikio lako limeshaizoea sauti mbovu, na rekodi ndiyo itakayokuonyesha tofauti.

2. Mwambie atoe meno bandia. Watu wengi hukagua mdomo meno yakiwa ndani, na kidonda kinabaki kimefunikwa. Washa tochi, kandamiza ulimi kwa upole kwa mpini wa kijiko, usivuke nusu ya ulimi usije ukamtapisha. Angalia kuta za mashavu, chini ya ulimi, pembeni mwa ulimi hadi nyuma, na tonsili zote mbili.

3. Simama nyuma yake. Kwa ncha za vidole vitatu, papasa upande mmoja wa shingo, kisha mwingine. Usikandamize pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mishipa mikubwa ya damu iko hapo na mzee anaweza kupata kizunguzungu. Anzia nyuma ya sikio, fuata taya hadi chini ya kidevu, kisha shuka na msuli wa shingo hadi kwenye mtulinga. Tezi ya kawaida ni laini, inateleza chini ya kidole, na ikivimba kwa maambukizi huuma. Ya kutia shaka ni ngumu, haisogei sawasawa na haiumi. Wengi hutulizwa na kutouma huko, kumbe ndiko kunakopaswa kuwashtua.

4. Mpe kijiko cha chai cha maji, ameze, kisha aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kama mtu anayesukutua, maji yamebaki juu ya nyuzi za sauti. Baadhi ya wazee maji huwaingia njia ya hewa bila kukohoa hata kidogo, na sauti hiyo ndiyo ishara pekee. Kama tayari anapaliwa kila mlo, ruka hatua hii.

5. Mpime uzito. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi 1 au asilimia 10 ndani ya miezi 6 bila kukusudia ni jambo kubwa. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3 na kilo 6. Mizani ikikosekana, tazama mkanda umeongezwa matundu mangapi, pete inayozunguka kidoleni, meno bandia yaliyoanza kucheza.

Halafu kaa naye mlo mmoja mzima na umtazame tu. Anayemeza vizuri hafikirii kumeza. Mwenye tatizo hunywa maji baada ya kila tonge, huinamisha au kugeuza kichwa upande mmoja, husafisha koo kila mara, na humaliza wa mwisho sahani ikiwa nusu.

Hospitalini

Andika kwenye karatasi moja: kila dalili na tarehe ilipoanza, uzito wa zamani na wa sasa, dawa zote anazomeza, na kama amevuta au kunywa, kwa miaka mingapi. Dawa za kuzuia damu kuganda ziandike juu kabisa, maana kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, kitachukuliwa. Usisimamishe dawa hizo kwa uamuzi wako. Maelezo yawe mafupi: "Sauti imebadilika wiki 6 sasa, amepungua kilo 4, sikio la kushoto linauma." Sentensi hiyo hufanya kazi kuliko "mzee hajisikii vizuri".

Daktari atapitisha kamera nyembamba puani hadi kooni. Ni kazi ya dakika chache, kwa ganzi ya kupuliza. Baada yake asile wala kunywa mpaka ganzi iishe, kwa kawaida kama saa 1, asije akapaliwa. Kikionekana kitu, huchukuliwa kinyama kwenda maabara, na tezi ya shingo huchomwa sindano nyembamba. Picha za CT au MRI huonyesha ugonjwa umefika wapi.

Kuna mambo mawili ya kuyapinga kwa adabu. La kwanza ni dozi ya antibiotiki juu ya dozi kwa uvimbe au koo lisilopona. Ikiwa ya kwanza haikusaidia, omba rufaa, usiombe dawa yenye nguvu zaidi. La pili ni kukata na kutoa uvimbe wa shingo kabla koo lenyewe halijatazamwa. Uvimbe huo mara nyingi ni tezi iliyopokea saratani kutoka kooni, na kuukata ovyo huvuruga upasuaji wa baadaye.

Umri peke yake si sababu ya kumnyima mzee matibabu. Ulizeni kuhusu nguvu zake, figo, moyo na masikio. Dawa ya sisplatini, mojawapo ya dawa za kemikali za saratani, inayotumika sana pamoja na mionzi, huumiza figo na kupunguza usikivu, na faida ya kuongeza dawa za kemikali juu ya mionzi hupungua kadiri mtu anavyopita miaka 70. Swali "mionzi peke yake itatosha?" ni halali kabisa.

Familia nyingi humficha mzee jina la ugonjwa. Tunashauri msifanye hivyo. Mionzi hufanywa siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 au 7, na kuanzia wiki ya 3 kumeza mate tu ni adhabu. Asiyejua anavumilia kwa ajili ya nini ataacha hapo hapo, na mionzi iliyokatwa katikati hupoteza nguvu yake.

Kabla mionzi haijaanza

Daktari wa meno kwanza. Jino bovu ling'olewe angalau siku 10 hadi 14 kabla, kidonda kipate kufunga. Baada ya mionzi mfupa wa taya hupona kwa shida, na jino kung'olewa miaka mingi baadaye linaweza kuacha mfupa ukifa. Hii ni ya maisha: kila daktari wa meno atakayemwona aambiwe kwamba taya hilo lilipigwa mionzi.

Sigara iachwe sasa, si baada ya matibabu. Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi penye oksijeni ya kutosha, na moshi hupunguza oksijeni kwenye damu. Kama hospitali ina mtaalamu wa kumeza na kuongea, mzee amwone kabla ya siku ya kwanza, aanze mazoezi ya kumeza akiwa bado hana maumivu.

Jueni pia ratiba ya mateso. Wiki ya 1 huwa nyepesi. Wiki ya 2 au ya 3 mdomo na koo huanza kuchubuka, mate yanakuwa mazito, ladha inapotea. Kilele ni wiki ya mwisho pamoja na wiki 2 zinazofuata *baada* ya kumaliza. Hapo ndipo familia hulegea, maana safari za hospitali zimekwisha na watu wameshapongezana, na hapo ndipo kilo huanguka. Uangalizi wa karibu uendelee mwezi mzima baada ya siku ya mwisho.

Mdomo

Chemsha maji lita 1, yaache yapoe hadi vuguvugu, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha bikaboneti ya soda. Hakikisha ni bikaboneti safi ya kupikia, si magadi ya mawe wala beking pauda, maana magadi ya mawe huunguza. Asukutue na kutema, asimeze. Kila saa 4 hadi 6 mwanzoni, na vidonda vikianza hata kila saa 2 akiwa macho. Kilichobaki jioni kimwage, kesho tengeneza kipya.

Mswaki uwe laini kabisa, uloweke kwanza kwenye maji ya moto. Dawa ya meno iwe na floraidi. Dawa za kusukutulia zenye alkoholi zikae mbali, pamoja na limau, siki na pilipili. Meno bandia yavaliwe wakati wa kula tu, na ufizi ukichubuka yasivaliwe kabisa. Utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu huwa ni fangasi, una dawa yake, usiuchukulie kama sehemu ya mionzi.

Kula

Lengo la kawaida ni kilokalori kama 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji kilokalori 1,800 na protini gramu 72 hadi 90. Bakuli la uji wa maji halikaribii hapo hata akinywa matano. Kosa kubwa la jikoni ni hili: chakula kinalainishwa kwa maji, tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa.

Lainisha kwa kitu chenye nguvu. Maziwa nusu lita ukiyakorogea vijiko 4 vya mezani vya maziwa ya unga huwa mazito kwa protini bila kuongeza ujazo wa maana, na hayo ndiyo yapikie uji, yasagie viazi, yatengenezee kinywaji. Kijiko 1 cha mezani cha mafuta ya kula ni kilokalori kama 120, nacho huyeyuka ndani ya uji asikihisi. Yai 1 lina protini gramu 6 hivi, lipikwe likaiva kabisa kisha lisagwe ndani ya mchuzi. Siagi ya karanga koroga ndani ya kitu cha moto hadi iyeyuke, usimpe kwa kijiko, maana hunata kooni.

Milo 6 hadi 8 midogo hushinda mitatu mikubwa. Chakula kiwe vuguvugu, kwa kuwa cha moto huunguza vidonda. Dawa ya maumivu itangulie mlo kwa nusu saa.

Namna ya kulisha ina uzito sawa na chakula chenyewe:

1. Akae wima kabisa, miguu ikigusa chini. Kitandani, mito iwe nyuma ya mgongo mzima, si nyuma ya kichwa tu.
2. Kijiko kidogo, nusu yake. Subiri uone zoloto likipanda na kushuka kabla ya kijiko kingine.
3. Zima redio na televisheni, asiongee akiwa na tonge.
4. Kila baada ya vijiko vichache aseme neno moja. Sauti ikiwa na majimaji, akohoe, ameze tena bila chakula.
5. Mlo ukipita dakika 30 simamisha. Misuli imechoka, na matonge ya mwisho ndiyo yanayoingia mapafuni.
6. Abaki wima dakika 30 hadi 60.

Watu hudhani maji ndiyo rahisi kumeza. Kwa mwenye koo lililodhoofishwa na mionzi mara nyingi ni kinyume: maji hukimbia haraka kuliko misuli inavyoweza kufunga njia ya hewa, huku uji mzito ukishuka salama. Kwa mwenye kizuizi kwenye umio, kizito ndicho kinachokwama na chepesi ndicho kinachopita. Mtaalamu wa kumeza akishataja uzito wa kinywaji, fuateni huo, na msiazime ushauri wa mgonjwa mwingine.

Mpime kila wiki siku ileile, asubuhi, nguo zilezile, mwandike. Kilo 2 zikipotea ndani ya wiki 1, au mkojo ukiwa mweusi na haba, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mpira wa kulishia

Kuwekewa mpira wa kupitishia chakula, puani au tumboni, si kukata tamaa. Mzee aliyelishwa humaliza mionzi. Ila aendelee kumeza chochote kilicho salama, hata mate na vijiko vichache vya maji, kwa sababu misuli ya koo isiyotumika hukakamaa na kuacha kujua kazi.

Kichwa na kifua viinuke nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha na hadi saa 1 baadaye. Suuza mpira kwa mililita 30 za maji safi kabla na baada ya chakula, na pia kabla na baada ya kila dawa. Mara nyingi mpira huziba kwa dawa iliyosagwa vibaya au suuzo lililorukwa. Omba dawa za maji. Kidonge cha kutoa dawa polepole kisisagwe kamwe, maana dozi ya saa 12 itaingia mara moja.

Mpira wa puani una alama pale unapotoka puani. Kabla ya kila mlo hakikisha alama haijasogea, na pima kama mlivyofundishwa. Umesogea, au mzee anakohoa: usimimine kitu. Ukitoka, usiurudishe mwenyewe. Mpira wa tumboni ukichomoka, funika kwa kitambaa safi na nenda hospitali saa hiyo, kwani tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache.

Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula kitu cha maana asianzishwe kwa ujazo kamili. Chumvi za damu hushuka ghafla na moyo unaweza kuvurugika. Hospitali ndiyo ipange kuanza kidogo kidogo.

Tundu la shingoni

Baadhi ya wagonjwa hufunguliwa tundu shingoni ili wapumue. Jambo la kwanza ni kujua tundu ni la aina gani, na jibu liandikwe kwa herufi kubwa juu ya kitanda. Aliyewekewa mrija kwenye koo la hewa, yaani njia ya hewa iendayo mapafuni, zoloto likiwa bado lipo, anaweza kuwa na njia ya hewa pia puani na mdomoni. Aliyeondolewa zoloto lote hana. Huyo hupumua kwa shingo *tu*, na kumziba shingo au kumpulizia hewa mdomoni ni kumwacha afe huku mkimsaidia. Oksijeni yake hupewa shingoni. Awe na kadi au bangili inayosema hivyo, maana hata mhudumu mwenye haraka hukosea.

Hewa ya tunduni haipiti puani, kwa hiyo haipashwi joto wala kulowanishwa. Makohozi hukauka na kuwa gamba ndani ya mrija, na gamba hilo ndilo linaloua. Kitambaa chepesi kibichi mbele ya tundu au kichujio maalumu, na maji ya kutosha mwilini, hulizuia.

Kusafisha mrija wa ndani, angalau mara 2 au 3 kwa siku na kila pumzi inapoanza kukoroma:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Shika bamba la mrija wa nje kwa mkono mmoja lisisogee.
3. Fungua mrija wa ndani, uvute ukifuata mpindo wake.
4. Usugue kwa brashi yake kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Uinue kwenye mwanga uchungulie ndani kama darubini: ukiona hata uzi mmoja wa kohozi, rudia.
5. Kung'uta maji yote, rudisha, funga hadi usikie umeshika.

Kamba ya shingo ikaze kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Mzee akibanwa pumzi ghafla, kitu cha kwanza ni kutoa mrija wa ndani, na mara nyingi hilo pekee humaliza tatizo. Pembeni ya kitanda uwepo mrija wa akiba wa saizi yake na mwingine wa saizi moja chini. Akioga, maji yabaki chini ya kifua. Poda, manukato ya kupuliza na moshi wa jikoni visimkaribie.

Maumivu

Dawa itolewe kwa saa, si kwa kulia. Maumivu yakishapanda, dozi ileile haiyashushi. Parasetamoli kwa mzee wa chini ya kilo 50 au asiyekula vizuri hupunguzwa, mfamasia aseme kiasi. Akiwa kwenye dawa za kemikali, mpime joto kabla ya kumpa, kwa sababu parasetamoli huficha homa. Dawa kama ibuprofeni msimpe bila kuuliza, figo za mzee huzilipia.

Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila saa 4, na kuipewa hakumaanishi kwamba mgonjwa yuko mlangoni mwa kifo. Usingizi wa siku 2 au 3 za kwanza hupungua wenyewe, kichefuchefu vilevile. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya dozi ya kwanza. Akiwa haamki hata akitikiswa, au pumzi ziko chini ya 10 kwa dakika, ni dharura.

Sauti inapokosekana

Kalamu na ubao viwe karibu, pamoja na kengele ya kuita usiku. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, moja moja, na umpe muda. Kumalizia maneno ya mzee asiye na sauti ni kumnyang'anya kile kidogo alichobakiwa nacho. Baada ya kuondolewa zoloto kuna vali ya sauti, kifaa cha kutetemesha shingo, na kuongea kwa kutumia hewa ya umio. Uliza ni kipi kinapatikana mnakotibiwa. Kama sisplatini imepunguza usikivu, sogea mbele yake aione midomo yako.

Saa ya kukimbia hospitali

- Pumzi yenye mluzi anapovuta hewa ndani, au kushindwa kuongea kwa kukosa hewa. Abaki amekaa, msimlaze, msimpe kitu mdomoni.
- Kushindwa kumeza hata mate.
- Joto la nyuzi 38 au zaidi akiwa kwenye dawa za kemikali, hata kama anaonekana mzima.
- Kikohozi kipya chenye homa na kuchanganyikiwa. Kwa mzee nimonia ya chakula kuingia mapafuni huanza mara nyingi kwa kuchanganyikiwa tu.
- Damu kutoka mdomoni, shingoni au tunduni, hata kama imekatika yenyewe. Damu kidogo iliyokatika inaweza kutangulia kubwa.

Baada ya matibabu

Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, hivyo kliniki za kipindi hicho zisirukwe hata akiwa mzima. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ikipigwa mionzi huchoka polepole, kwa hiyo damu ipimwe homoni ya TSH, inayoonyesha kama tezi hiyo inafanya kazi, kila miezi 6 hadi 12. Uchovu, baridi na kufunga choo mwaka mmoja baadaye huenda ni upungufu huo, nao una kidonge chake. Kila wiki ajaribu kupitisha vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Vikiingia viwili tu, taya linakakamaa na mazoezi yaanze sasa, kabla kijiko hakijashindwa kupita. Dalili yoyote mpya ya koo, hesabu ya wiki 3 inaanza upya.

Pale ambapo tiba ya kuponya haipo tena, ombeni timu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso, mapema, si siku za mwisho. Kama daktari amesema uvimbe umekaribia mshipa mkubwa wa shingo, wekeni taulo nene za rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva kando ya kitanda, na mkubaliane na timu mapema nani atapigiwa simu na dawa gani ya kumtuliza itakuwa tayari nyumbani. Damu ikitoka, mgeuzeni alalie upande inakotoka, kandamizeni kwa taulo, na mmoja wenu amshike mkono asiondoke.